Amri ya Nane Ndani ya Ukumbi wa Sinema

Watoto wa kipaimara tunawafundisha amri ya nane kana kwamba ni amri ya mdomo tu. Usimsengenye mwenzako, usimchongee kwa mwalimu, usimsingizie jambo asilolitenda. Ni sawa, na Luther mwenyewe katika Katekisimo Ndogo anaanzia hapo. Lakini haishii hapo. Anataja pia upande wa pili wa amri, yaani wajibu wa kumtetea jirani, kumnena vizuri, na kuyapokea mambo yake kwa maana iliyo bora. Na katika Katekisimo Kubwa anaipeleka amri hii mahali ilikozaliwa, kwenye baraza la hukumu, ambapo maskini asiye na hatia amesimamishwa mbele ya mahakimu na mashahidi wamekwisha kununuliwa.

Sasa tuseme jirani huyo si mtu mmoja bali ni taifa zima. Tuseme baraza lenyewe ni ukumbi wenye giza, na shahidi ni filamu. Aliyeitunga filamu kwa kujua kwamba anasema uongo ameivunja amri; hilo halihitaji makala. Swali linalonisumbua ni la yule aliyeketi kwenye kiti. Hakutunga kitu. Alinunua tiketi, akatazama, akaona watu wanateswa, akawahurumia kwa moyo safi, akatoka akiamini kwamba jeshi la nchi yake limefanya vema kuivamia nchi ya jirani. Je, huyo naye ameshuhudia uongo?

Mifano ni mingi katika karne iliyopita na katika hii. Ninachagua Ujerumani ya mwaka 1939 hadi 1941 kwa sababu mbili. Filamu zenyewe zinajulikana, na uongo uliokuwa nyuma yake umekwisha kufunuliwa mbele ya mahakama na katika maandiko ya wanahistoria, hivyo hatubishani kwa kukisia. Tena hiyo ndiyo nchi ambayo kutoka kwayo tulipokea katekisimo yetu. Waliokaa kwenye viti vile, wengi wao walikuwa wameikariri amri ya nane pamoja na ufafanuzi wake, kama sisi.

Kwanza tujiulize kwa nini mvamizi anahitaji filamu. Mwenye vifaru na ndege angeweza kuvamia tu akanyamaza. Jibu liko katika kitabu kidogo ambacho Luther alikiandika mwaka 1526, akijibu swali la kama askari naye anaweza kuokolewa. Humo anasema bila kuzunguka kwamba anayeanza vita yuko upande wa makosa. Vita vya kujilinda anavikubali, kama Ungamo la Augsburg linavyovikubali katika kifungu cha 16 linapotaja vita vya haki. Vita vya kuanzisha havikubali. Wala hili si fundisho la Walutheri peke yao; karibu kila mtu analijua moyoni. Kwa hiyo mvamizi hawezi kukwepa kazi moja: ni lazima aonyeshe kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Sisi Watanzania tuliisikia sauti hiyo Oktoba 1978, pale serikali ya Idi Amin ilipodai kwamba majeshi yetu ndiyo yaliyovamia Uganda, na siku chache baadaye majeshi yake yakawa ndani ya Kagera.

Maana yake ni kwamba filamu ya namna hii haitengenezwi kwa ajili ya watu wasio na dhamiri. Asiye na dhamiri haihitaji. Inatengenezwa kwa ajili ya watu wa haki, wanaotaka kuwa na hakika kwamba wako upande ulio sawa.

Tarehe 22 Agosti 1939 Hitler alizungumza na majenerali wake. Kumbukumbu za mkutano ule zilisomwa baadaye katika mashtaka ya Nuremberg. Aliwaambia kwamba atatoa sababu ya kipropaganda ya kuanzisha vita, na kwamba haijalishi kama itaaminika, kwa kuwa mshindi hataulizwa baadaye kama alisema kweli. Siku tisa baadaye, jioni ya tarehe 31 Agosti, watu wa SS wakiongozwa na Alfred Naujocks walikiingia kituo cha redio cha Gleiwitz, karibu na mpaka wa Poland, wakijifanya Wapoland. Wakasoma tangazo fupi kwa Kipoland. Wakaacha maiti pale ili ionekane kwamba mshambulizi mmoja ameuawa. Aliyeachwa aliitwa Franciszek Honiok, raia wa Ujerumani kutoka Silesia, aliyejulikana kwa kuwapenda Wapoland. Alikamatwa siku moja kabla, akalazwa kwa dawa, akaletwa pale ili awe ushahidi. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba majeshi ya Ujerumani yakaingia Poland.

Anayesoma Biblia hawezi kukosa kulikumbuka shamba la Nabothi (1 Wafalme 21). Ahabu analitaka shamba, Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli hatumi askari kulinyakua. Anaandika barua kwa jina la mfalme, anaagiza watu wafunge, Nabothi akalishwe mbele ya watu, na waletwe mashahidi wawili wa kusema kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Utaratibu wote unafuatwa. Dini ipo, sheria ipo, mashahidi wametimia idadi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wamwache Yezebeli kidogo wakawatazame wazee wa mji. Hao hawakuwa na haja na shamba. Walipokea barua, wakafanya kama ilivyoandikwa. Halafu wapo wale ambao Maandiko hayawapi hata sentensi moja ya kwao, watu wa kawaida waliofunga siku ile, wakasikia ushahidi, wakaamini, wakaokota mawe. Mtazamaji wetu wa sinema ni mmoja wao.

Filamu za mwanzo za vita vya Poland zilikuwa za habari. Ile ya Fritz Hippler kuhusu kampeni ya Poland ilitoka Februari 1940. Ramani zake zinasogea zenyewe kwenye skrini kuonyesha jinsi Ujerumani ilivyozungukwa na maadui, hata mtazamaji anaanza kuona kwamba nchi kubwa ndiyo inayobanwa na nchi ndogo. Miezi miwili baadaye ikaja ya Hans Bertram kuhusu jeshi la anga, ikiwa na jina linalomaanisha ubatizo wa moto. Kwa Kijerumani ni msemo wa kawaida wa askari anayeingia vitani mara ya kwanza, kwa hiyo sitaki kulikuza jambo la jina. Hata hivyo ni neno lililochukuliwa kwenye mahubiri ya Yohana Mbatizaji, likawekwa juu ya picha za Warszawa inayoungua. Filamu ya vita vya Poland ilifanya kazi hata nje ya Ujerumani. Tarehe 5 Aprili 1940 wakubwa wa Norway walialikwa katika ubalozi wa Ujerumani mjini Oslo kuitazama. Tarehe 9 Aprili nchi yao ikavamiwa.

Lakini filamu hizo zilikuwa za kutisha na kujisifu. Inayogusa swali letu ni nyingine, Heimkehr, maana yake kurudi nyumbani. Iliongozwa na Gustav Ucicky, ikatengenezwa na kampuni ya Wien-Film, ikaonyeshwa kwanza Venice mwaka 1941, na serikali ikaipa heshima ya kuitwa filamu ya taifa. Mwigizaji mkuu, Paula Wessely, alikuwa mmoja wa waigizaji waliopendwa kuliko wote katika lugha ya Kijerumani. Anaigiza mwalimu wa shule anayeitwa Maria, miongoni mwa Wajerumani wachache wanaoishi Volhynia, mashariki ya Poland. Shule yao inachukuliwa na vitu vyake vinachomwa moto. Maria anakwenda sinema mjini na mchumba wake. Wanakataa kuimba wimbo wa taifa wa Poland. Mchumba anapigwa na watu, anapelekwa hospitali, hospitali inamkataa, anakufa. Vita vinapokaribia, Wajerumani wanakusanyika ghalani kwa siri kusikiliza redio. Wanakamatwa na kurundikwa gerezani. Humo gizani Maria anawatia moyo kwa hotuba ndefu juu ya siku watakayokuwa nyumbani, ambako kila kitu kitakuwa cha Kijerumani, hata udongo. Wanakaribia kuuawa, na ndipo jeshi la Ujerumani linafika. Mwishoni msafara wa magari ya farasi unavuka mpaka.

Angalia filamu hii inaomba nini. Haiombi chuki, au haianzi nayo. Inaomba huruma. Inaomba kile ambacho sisi wachungaji tunakiomba kila Jumapili: wakumbukeni walio wachache, wageni, wafungwa, mjane ambaye hospitali imemfukuza. Mtu aliyelelewa kanisani angeguswa haraka kuliko asiyelelewa kanisani. Hapo ndipo ninapoona hatari yake, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu hatuwezi kusema kwamba kumhurumia aliyepigwa ni dhambi.

Tena si kila kitu kilikuwa cha kubuni. Poland kati ya vita viwili haikuwatendea vema watu wake wote wachache, na mwanzoni mwa Septemba 1939 Wajerumani wengi waliokuwa raia wa Poland waliuawa kweli, hasa katika mji wa Bydgoszcz, ambao Wajerumani waliuita Bromberg. Idadi inabishaniwa mpaka leo. Serikali ya Berlin kwanza ilitangaza kwa nchi nzima waliouawa zaidi kidogo ya 5,000. Februari 1940 hesabu hiyo ikageuzwa kwa amri, ikawa 58,000. Marehemu wale walikuwa na majina na familia. Waliouawa kweli walistahili kuombolezwa kwa hesabu yao ya kweli. Serikali yao ikawazidisha mara kumi, kwa sababu waliokufa kweli hawakutosha kufunika ilichotaka kukifanya. Mimi naona huo nao ni ushuhuda wa uongo, dhidi ya wafu wenyewe.

Yaliyoachwa nje ya filamu ni mazito kuliko yaliyotiwa ndani. Volhynia haikukombolewa na jeshi la Ujerumani. Septemba ile iliingiwa na Jeshi Jekundu, kwa kuwa Hitler na Stalin walikuwa wamekwisha gawana Poland. Wajerumani wa Volhynia waliondoka majira ya baridi yaliyofuata kwa makubaliano ya serikali hizo mbili. Na huko nyumbani walikorudishwa ni wapi? Wengi walipelekwa Wartheland, sehemu ya Poland iliyokuwa imeunganishwa na Ujerumani kwa nguvu, wakapewa nyumba na mashamba ambayo Wapoland walikuwa wamefukuzwa humo, mara nyingi kwa kupewa muda mfupi tu wa kufunga mizigo. Mamia ya maelfu walifukuzwa hivyo. Msafara ule wa magari ya farasi tunaoulilia mwishoni mwa filamu ulikuwa unaelekea kwenye shamba la Nabothi.

Mwanafunzi mmoja alinipinga darasani nilipofika hapa. Alisema: Mwalimu, mtu wa kijijini kule Ujerumani angejuaje haya? Redio ni ya serikali, gazeti ni la serikali, anayesikiliza redio ya nje anafungwa. Ukimhukumu huyo unamhukumu mtu kwa kutojua. Ni pingamizi zuri, na linamhusu Luther mwenyewe. Katika kitabu kile cha 1526 Luther anasema kwamba askari akijua kwa hakika kuwa mkuu wake anapigana vita visivyo vya haki, asimtii. Lakini akiwa hajui wala hana njia ya kujua, anaweza kutii kwa dhamiri safi, kwa kuwa wajibu wa utii ni wa hakika na kosa la mkuu si la hakika. Katika karne ya 16 huenda shauri hilo lilifaa. Katika karne ya 20 ni mlango uliosahauliwa wazi. Mtawala anayemiliki kila redio na kila skrini anaweza kuwaweka watu milioni 80 katika kutojua, halafu akauchukua utii wao kwa idhini ya Luther. Kwa heshima zote kwa baba yetu wa imani, naona hapa alituachia pengo, na warithi wake walipaswa kuliziba mapema.

Hata hivyo sikukubaliana na mwanafunzi wangu mpaka mwisho, na sababu yangu ni ndogo tu, yenye ukubwa wa kiraka cha nguo. Kuanzia Machi 1940 Wapoland waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi walilazimishwa kuvaa kifuani kiraka chenye herufi P. Heimkehr ilipoonyeshwa, zaidi ya Wapoland milioni moja walikuwa wakifanya kazi Ujerumani, sehemu kubwa yao mashambani. Yaani mtu wa kijijini aliyetoka kwenye sinema akiwa na uso wa Mpoland katili machoni pake, kesho yake asubuhi alimkuta Mpoland wa kweli akikamua ng'ombe wa jirani. Sheria ilikataza wasile meza moja. Ilikataza wasiabudu pamoja na Wajerumani. Mbona sheria ikatae mpaka hilo? Ni kwa sababu waliotunga filamu walijua vizuri kuliko watazamaji kwamba filamu yao isingeweza kustahimili mlo mmoja wa pamoja. Mpoland yule angeulizwa kwao ni wapi, ana watoto wangapi, nyumba yake sasa anakaa nani.

Wapo waliouliza. Wapo wakulima waliowakalisha mezani hata hivyo, na wengine waliadhibiwa kwa hilo. Sidai kwamba ilikuwa rahisi. Nasema tu kwamba kutojua hakukuwa giza tupu. Jirani aliyeshuhudiwa uongo alikuwapo, hatua chache kutoka mlangoni, na amri ya nane inapotuagiza kumtetea jirani haituagizi kwanza kuzichambua siri za serikali. Inatuagiza kumtazama yeye.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanzo, walau kwa kadiri yangu. Kosa la mtazamaji si machozi yake. Machozi yalikuwa mema. Kosa linaanza pale anaposema nimeona kwa macho yangu. Hakuona. Alichokiona ni waigizaji mbele ya kamera, baadhi yao Wapoland waliotafutwa Warszawa ili waigize ubaya wa watu wao wenyewe. Gazeti likisema jambo, msomaji husema gazeti limesema, na anabaki na nafasi ya kuwa na shaka. Filamu inamfanya mtu ahamie kwenye kiti cha shahidi bila kuapa na bila yeye mwenyewe kujua kwamba amehamia. Kesho sokoni anasimulia alichokiona, na asiyekwenda sinema anamwamini kwa kuwa ni mtu mwaminifu. Mwaka 1942 tiketi za sinema zilizouzwa Ujerumani zilizidi bilioni moja. Ni mashahidi wengi mno kwa matukio ambayo hayakutokea.

Hapa lipo jambo la pili, na nadhani ndilo zito zaidi. Tuilinganishe filamu ile na hadithi ambayo nabii Nathani alimsimulia Daudi (2 Samweli 12). Nathani naye alitumia hadithi ya kubuni. Naye aliitafuta huruma ya msikilizaji: maskini, mwana-kondoo wake mmoja aliyelala kifuani pake, tajiri mwenye makundi anayemnyang'anya. Daudi akahuruma, akakasirika, akatoa hukumu ya kifo. Mpaka hapo hakuna tofauti kati ya Nathani na wizara ya propaganda. Tofauti inakuja mwishoni. Nathani alipoipata hasira ya mfalme, aliigeuza ikamrudia mfalme mwenyewe. Wizara ilipoipata huruma ya watu, iliipeleka ng'ambo ya mpaka ikiwa na mabomu. Hadithi ya kwanza ilimwacha msikilizaji akiwa na dhambi ya kuungama. Ya pili ilimwacha akiwa na haki ya kudai.

Mchungaji anayetafuta kipimo, mimi ningempa hicho. Asiulize tu kama kisa ni cha kweli, kwa sababu kisa cha kweli nacho kinaweza kuajiriwa. Mwaka huohuo wa 1941 ilitoka filamu ya Ohm Krüger, iliyoigizwa na Emil Jannings, juu ya vita vya Makaburu na Waingereza. Inaonyesha kambi ambazo Waingereza waliwafungia wanawake na watoto wa Makaburu, na kambi hizo zilikuwapo kweli. Humo walikufa watu wapatao 26,000. Waafrika weusi waliokufa kwa maelfu katika kambi zao filamu haiwakumbuki. Na walioitengeneza walikuwa watumishi wa serikali iliyokuwa na kambi zake zinazofanya kazi siku ile ile ya uzinduzi. Kisa cha kweli, hasira ya haki, na haikumrudia mtu yeyote pale ukumbini.

Mwaka huo huo pia ilitoka filamu inayotuhusu sisi, ingawa Watanzania walio wengi hawajaisikia. Inaitwa Carl Peters. Iliongozwa na Herbert Selpin, na Peters akaigizwa na Hans Albers, kipenzi cha watazamaji. Peters wa kweli ndiye aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Ndiye ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Akiwa Kilimanjaro alimnyonga mtumishi wake Mabruki na msichana aliyeitwa Jagodja, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi. Hitler akamrudishia heshima mwaka 1937, miaka 19 baada ya kifo chake. Katika filamu Peters ni shujaa mpweke anayeonewa na Waingereza, Wayahudi na wabunge wa nchi yake, na mauaji yale yanakuwa hatua ya lazima ya kuzuia uasi. Waafrika wanaoonekana humo walikuwemo wafungwa wa kivita, askari wa makoloni ya Ufaransa waliotekwa 1940. Mfungwa analetwa mbele ya kamera amshangilie mtu aliyemnyonga Mabruki. Sijui niite nini kitendo hicho. Ninachojua ni kwamba shahidi wa uongo wa namna hii hakuwa na uwezo wa kukataa, na sidhani kwamba Mungu ataihesabu dhambi ile kwake.

Na kanisa? Warszawa ilipoanguka kengele zilipigwa makanisani. Katika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka 1939 uongozi wa Kanisa la Kiinjili ulitoa shukrani, pamoja na za mazao, kwa ajili ya ushindi wa Poland. Miaka mitano tu nyuma wachungaji na walei walikuwa wamekutana Barmen wakatangaza kwamba kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Ungamo lilikuwa zuri, na bado tunalifundisha. Lakini wengi waliolikubali walilielewa kama uzio wa kulinda madhabahu. Kilichosemwa juu ya Wapoland redioni na kwenye skrini hawakukihesabu kuwa jambo la kanisa. Oktoba 1945, mjini Stuttgart, viongozi waliobaki walikiri mbele ya wageni wa makanisa mengine kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha wala hawakupenda kwa moto wa kutosha. Wengi wameilaumu kauli hiyo kwa kuwa haiwataji Wayahudi wala Wapoland, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini kushuhudia ni jambo la amri ya nane.

Wanafunzi wangu hawaendi sinema. Filamu inawajia mfukoni, ya dakika mbili, bila jina la aliyeitengeneza, mara nyingi picha za vita vya miaka kumi iliyopita zikiwa zimebandikwa jina la vita vya wiki hii. Washarika wananitumia hizo pia, na maneno yaleyale: Mchungaji, jionee mwenyewe. Huwa nawajibu kwa kuuliza ni nani anayelaumiwa humo, na kama kuna mtu wa kabila hilo au taifa hilo karibu nao wanayeweza kwenda kumsalimu. Wengine hukasirika kidogo.

Heimkehr haijapigwa marufuku kabisa. Inashikiliwa na taasisi ya Murnau ya huko Wiesbaden pamoja na filamu nyingine za wakati ule, kwa sharti kwamba haionyeshwi mpaka awepo mtu wa kuitambulisha kabla na watu wajadiliane baada ya kuitazama. Ningepewa mimi nafasi ya kusimama mbele ya skrini hiyo kabla taa hazijazimwa, nisingeanza na Goebbels wala na Paula Wessely. Ningeanza na Franciszek Honiok, aliyelazwa mlangoni pa kituo cha redio usiku ule, na ambaye mpaka leo hakuna ajuaye kaburi lake liko wapi.